Barafu za Mwarobaini

Damu yangu ilisafiri kwenda Nairobi mara nne mwaka ule, na mimi mwenyewe sikuvuka hata Mtito Andei.

Mambo yalianza na uchovu. Mimi nauza barafu hapa Kaloleni, Voi, zile za mifuko midogo ya nailoni, za ubuyu na za ukwaju, na friza yangu iko barazani tangu mume wangu, marehemu Miraj, yu hai. Kazi ya barafu si ya kumchosha mtu. Unachemsha, unapoza, unafunga, unagandisha, halafu unakaa ungoje jua likufanyie biashara, na jua la Voi halijawahi kuniangusha. Lakini mwaka ule wa tisini na sita nikaanza kuchoka nikiwa nimekaa. Usiku natoka jasho mpaka leso niliyojifunika inakamuka. Tumbo nalo, upande wa kushoto chini ya mbavu, likawa gumu kama nimemeza embe bichi zima.

Wifi yangu Nasiha, dadake marehemu, ambaye tunaishi nyumba moja na kugombania mto mmoja, akanipapasa akasema, "Wifi, hii ni mimba."

"Ya nani, na kaka yako tumemzika?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Tukacheka mpaka nikakosa pumzi, na kule kukosa pumzi ndiko kulikonipeleka hospitali.

Aliyenitoa damu ni Peris, binti wa Kidawida kutoka Mwanda, fundi wa maabara, mkono mwepesi kama unyoya. Alipoitazama kwenye darubini yake akaacha kunitania. Chembe nyeupe zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Baadaye daktari mkubwa aliyekuwa akija Voi kutoka Nairobi akanibonyeza tumbo, akasema embe langu ni bandama iliyovimba, na kwamba hii ni kansa ya damu.

Nikamwuliza, "Ya kufa leo au ya kufa baadaye?"

Akacheka kidogo, kisha akanieleza vizuri, hakunificha. Iko ya polepole, na hiyo ina alama yake ndani kabisa ya chembe. Alama ikionekana, nitapewa vidonge, nitakaa kwangu Voi, nitakuwa napimwa tu. Isipoonekana, basi huenda ni nyingine, na itabidi nilazwe Nairobi, wanichunguze mpaka uboho wa mifupa, na kutoka huko hakuna anayeweza kusema lini. Alama yenyewe haionekani Voi. Kuna maabara moja Nairobi yenye mashine ya kuisoma.

Mwanangu Abdulbasit, anayekaa Nairobi, aliposikia akapiga simu dukani kwa Waleed, jirani yetu, maana hiyo ndiyo simu ya mtaa mzima.

"Mama, njoo utolewe damu huku huku, yaishe."

"Nije, nirudi lini?"

Akaniuliza habari za mvua. Mimi namjua mwanangu. Akikwepa swali hivyo ujue ameshafanya jambo. Kumbe ameshanunua kitanda, godoro na chandarua, na chumba kimepakwa rangi. Basit ana moyo mzuri, lakini ni mtu wa kukukumbatia mpaka mbavu zivunjike. Nikifika kwake, alama iwepo isiwepo, sitaiona tena friza yangu wala Mlima Sagalla asubuhi nikifungua dirisha. Nitakufa nimefunikwa blanketi tatu, naangalia ukuta wa rangi ya maziwa.

Nikamwambia, "Damu itakuja. Mimi nabaki."

Peris akanikalisha akanifafanulia. "Nyanya, ile alama wanaisoma kama ujumbe ulioandikwa ndani ya chembe. Na ujumbe huo unaoza upesi kuliko maziwa. Damu ikishatoka mwilini, chembe zenyewe zinaanza kuutafuna. Ikipata joto, ndiyo zinakula kwa haraka. Kwa hivyo tukitoa asubuhi, jioni iwe imefika kwa wenyewe. Tufanye Jumatatu."

"Jumatatu?" nikamshangaa. "Jambo la kusoma uhai wa mtu lifanywe Jumatatu, siku ya kufua? Nitoe Ijumaa."

"Nyanya, Ijumaa si nzuri."

"Ijumaa si nzuri! Nasiha, umesikia? Mwanangu, wewe cheza na darubini, mambo ya baraka niachie mimi."

Basi nikatolewa Ijumaa, nimejifukiza udi, nimevaa buibui jipya. Damu ikatiwa kichupa chenye kifuniko cha zambarau, Peris akakipindua taratibu, huku na huku, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Akakipanga katika kisanduku cha kubebea chanjo pamoja na vibarafu vyake vya plastiki, kikapanda basi la mchana baada ya swala. Baraka zilikuwa tele. Kilichokosekana ni mtu wa kulipokea kasha. Basi lilipofika Nairobi ofisi ya mizigo inafungwa, na maabara imefungwa mpaka Jumatatu. Damu yangu ikakaa siku mbili juu ya rafu chini ya mabati, jirani yake ni gunia la papa mkavu. Vibarafu vikawa maji ya uvuguvugu.

Majibu yakasema alama haikuonekana.

Basit akapiga simu anapumua kwa haraka. "Mama, haikuonekana. Nakuja kukuchukua."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikaanza hata kumfundisha Nasiha kipimo cha sukari ya ubuyu. Peris ndiye aliyekuja mbio na koti lake jeupe, hata hakubisha hodi.

"Nyanya, usifunge mizigo! Nimezungumza nao. Wanapotafuta ile alama yako, wanatafuta pia kitu kingine ambacho kila mtu anacho, mgonjwa na mzima. Hicho nacho hakikuonekana. Maana yake si kwamba alama huna. Maana yake damu ilifika imekufa. Hapo hakuna jibu, si ndiyo wala si siyo."

"Kwa hivyo Ijumaa..."

"Mimi sijasema kitu kuhusu Ijumaa," Peris akasema, na macho yake yakasema yote.

Mara ya pili tukampata wa kuibeba. Muasya, Mkamba mmoja wa hapo sokoni anayeuza masufuria na karai, huenda Nairobi karibu kila wiki kuleta bidhaa. Mtu mwaminifu, mwimbaji wa kanisani, sauti nzito. Ana udhaifu mmoja tu, barafu. Muasya akipita barazani kwangu bila kununua barafu, ujue jino linamuuma. Basi analopanda lilikuwa linapita Voi mapema kabla ya maabara ya Peris kufunguliwa, kwa hivyo Peris akanitoa damu jioni ya kuamkia safari, akanipa kisanduku, akasema, "Ikae na baridi mpaka asubuhi."

Mimi nililala mapema. Nasiha akabaki na kisanduku.

Sasa msikieni Nasiha alivyofikiri. Akajisemea, baridi? Nyumba hii ndiyo kiwanda cha baridi. Na vile vibarafu vya hospitali akaviona havina nguvu. Akakitoa kichupa, akakivisha mfuko wa nailoni kisishike harufu ya samaki wetu, akaufunga fundo kama anavyofunga kila siku, akakilaza ndani ya friza kabisa, katikati ya barafu za ubuyu. Alfajiri Muasya akaja kuchukua mzigo, na kama kawaida yake akaomba barafu moja ya njiani. Nasiha, macho bado yana usingizi, akaingiza mkono.

Mimi niliamshwa na sauti ile nzito ya kanisani.

"Dada Nasiha! Hii barafu iko na chupa!"

Alikuwa ameshang'ata fundo. Nikatoka mbio, leso imenikalia kichwani upande mmoja. Muasya amesimama barazani ameshika damu yangu mkononi, imeganda kama jiwe, mdomo wazi.

"Ungemnyonya wifi yangu, wewe!" Nasiha akamnyang'anya.

"Nasiha, umeigandisha?" nikamwuliza.

"Sasa wifi, samaki akiganda si hukaa mwezi? Hii ni safari ya siku moja."

Basi lilikuwa linapiga honi. Tukaiyeyusha kwa kuipakata, tukairudisha kisandukuni, ikaenda. Nairobi walipofungua kichupa hawakupata damu, walipata sharubati. Chembe zote zilikuwa zimepasuka kwa kugandishwa, na ule ujumbe umemwagika na kuharibika.

Safari hii Basit hakupiga kelele. Alizungumza polepole, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

"Mama, nimekusikiliza mara mbili. Jumanne ijayo watapokea nyingine, na mimi mwenyewe nitaipokea kwenye basi niipeleke. Ikiharibika na hiyo, Jumatano nakuja na gari. Sitakuuliza."

"Na isipoharibika?"

"Isipoharibika, itakavyosema ndivyo nitakavyofuata. Naapa."

Nilimjua mwanangu, hakuwa akiapa ovyo. Kwa hivyo yote yalikuwa juu ya kichupa kimoja.

Peris akaja nyumbani akamkalisha Nasiha kama mtoto wa chekechea. Baridi, lakini isigande. Kichupa kizungushiwe pamba, kitiwe ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo livishwe leso, na barafu zikae nje ya leso, zisiguse kichupa hata kidogo. Kisimame wima, kisitikiswe, maana barabara ya Nairobi wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Na yeye atanitoa damu asubuhi hiyo hiyo, atafungua maabara mapema kwa ajili yangu.

"Lakini Nyanya, vile vibarafu vyangu vya plastiki vilikwenda Nairobi havikurudi," akasema. "Itabidi tutumie barafu zako."

Nikamtazama Nasiha, Nasiha akanitazama. Tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Barafu zangu, kisanduku kimejaa, jua la Tsavo, mchana kutwa, mapajani mwa Muasya.

"Hakitavuka Manyani," Nasiha akasema.

"Tumwambie tu asile."

"Mwambie na paka."

Muasya tukamwambia. Akaapa kwa kanisa lake lote, kwaya na mchungaji ndani. Nikamwamini moyo wake. Mdomo wake sikuuamini.

Nikafikiria kuzitia chumvi. Kabla sijaanza nikamwuliza Peris, kwa kuzungukazunguka, na vizuri nilimwuliza. "Chumvi usithubutu, Nyanya. Barafu yenye chumvi inauma kwa baridi kuliko ya kawaida, itakugandishia damu tena." Kwa hivyo nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye mwarobaini wetu, nikachuma majani ya kujaza sufuria. Nikayachemsha mpaka maji yakawa kijani kizito. Wanaojua mwarobaini wa Voi wanajua nasema nini. Nasiha alionja kwa ncha ya kijiko akakimbilia uani akitema mate.

"Wifi, hii itaua mtu!"

"Haiui. Inatibu malaria. Lete rangi."

"Rangi ya nini?"

"Barafu ya kijani itaulizwa maswali. Hii lazima ifanane na ubuyu."

Nasiha akaleta ile rangi nyekundu ya ubuyu. Hapo sitasema uongo, shida ya kichupa ilikuwa imeshatatuliwa na uchungu, ile rangi ilikuwa ni raha yetu tu. Usiku ule kwa mara ya kwanza tangu niambiwe ugonjwa wangu nililala bila kujipapasa mbavu.

Jumanne Peris akanitoa damu kulipopambazuka, akakipindua kichupa taratibu, akakivisha pamba yake na kopo lake na leso yangu ya maua ya waridi. Tukapanga zile barafu nyekundu kuzunguka. Zilipendeza, wallahi. Hata mimi mate yalinijaa. Muasya akakipakata kisanduku kama mtoto wa kubatizwa.

"Safari njema, baba. Na usikifungue."

"Mama, mimi? Siwezi."

Basi likaondoka na vumbi lake jekundu.

Ile siku ilikuwa ndefu. Wateja walikuja nikawauzia, chenji nawarudishia nusu nusu, akili yangu iko Mtito, iko Kibwezi, iko Emali. Baada ya alasiri mtoto wa Waleed akaja mbio barazani. Simu! Nikavuka barabara na kiatu kimoja.

Upande wa pili nilisikia mtu anakohoa na kutema mate.

"Basit? Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Mama! Umetia nini humu?"

"Humu wapi?"

"Nimekipokea kisanduku, niko njiani kwenda maabara, magari yamesongamana, jua kali, nimeingia hapa kwenye kibanda cha simu nikuambie kimefika. Nikafungua kuangalia, nikaziona barafu zako za ubuyu. Mama, miaka mingapi sijala barafu yako? Nikasema moja tu..."

Akakohoa tena. Dukani kwa Waleed watu wote walikuwa wananitazama. Mimi moyo wangu ulikuwa umeruka mahali pengine kabisa.

"Basit, nyamaza, nisikilize. Ilikuwa ngumu?"

"Mama, ulimi wangu siusikii..."

"Ulimi wako utapona! Barafu ilikuwa ngumu au ilikuwa maji?"

"Ngumu. Nimeivunja kwa jino."

"Ngumu kabisa?"

"Kama jiwe, Mama. Jino lenyewe linauma."

"Alhamdulillahi!" Nikapiga kigelegele pale pale dukani, nami ni mwanamke mgonjwa. Kama barafu zilikuwa ngumu mpaka jua la Nairobi, basi damu yangu ilikuwa imelala kwenye baridi yake njia nzima. "Sasa funga! Kimbia! Acha gari hapo, nenda kwa miguu, kabla hawajafunga!"

"Nakimbia. Lakini Mama, kuna kitu. Nimekuta mfuko mmoja umeng'atwa kidogo pembeni, halafu ukafungwa upya ukarudishwa."

"Nenda, mwanangu," nikamwambia, maana kicheko kilikuwa kinanikaba.

Na alikimbia. Baadaye waliniambia aliingia maabara na suti yake, jasho linamtiririka, kisanduku kifuani, midomo myekundu kama mtoto wa shule. Aliyempokea akamwuliza kama yeye ndiye mgonjwa.

Muasya alirudi Alhamisi. Hakupita barazani kwangu. Ijumaa pia hakupita. Jumamosi Peris akaja, akashika friza kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi, ndipo akaweza kusema.

"Nyanya, Muasya alikuja kwangu hospitali akafunga mlango. Akaniuliza, ati mtu akimeza kwa bahati mbaya ile dawa ya kutunzia damu iliyotiwa kwenye barafu, kidogo tu, damu yake mwenyewe inaweza kuganda? Anasema tangu Mtito hanywi kitu ila maziwa. Ati usiku anajipapasa mishipa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anywe maji mengi na atubu."

Nasiha alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Mimi nilimwonea huruma, lakini si sana.

Kungoja majibu kulikuwa kazi nyingine. Wiki zilipita, nikawa naangalia ile simu ya Waleed kama mbuzi anavyoangalia mlango wa jikoni. Ilipolia, nikamsikia Basit anavuta pumzi puani, kama alipokuwa mdogo akianguka na hataki kulia.

"Mama, imeonekana. Alama imeonekana, na kile kitu cha kila mtu nacho kimeonekana vizuri. Damu ilifika nzima. Ni ile ya polepole."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo vidonge. Hapo hapo Voi. Niliapa, Mama."

"Najua, mwanangu. Na kitanda?"

"Kitanda kipo."

"Nitakuletea shangazi yako Nasiha. Yeye anapenda blanketi."

Akacheka, nikamsikia ameachilia. Daktari alikuwa ameshaniambia wazi kwamba vidonge havimalizi kazi, vinaushika ugonjwa mkono tu usikimbie. Sawa. Mimi nami sikuwa na haraka. Baada ya muda embe langu la tumboni likaanza kulainika, jasho la usiku likapungua, nikarudi kwenye ubuyu wangu, dirisha wazi, Sagalla imekaa pale pale ilipo.

Mvua fupi zilipokaribia, daktari akataka damu nyingine ipelekwe, waone kama chembe zenye ile alama zinapungua. Peris akapanga siku, akachagua Jumanne, mimi sikufungua mdomo. Nikamtuma mtu kwa Muasya. Akaja barazani, mara ya kwanza tangu zile siku za maziwa, akasimama mbali na friza kidogo, kofia mkononi.

"Mama, nitapeleka. Hakuna shida."

"Ahsante, baba. Sasa nikuulize, kwa kuwa wewe ndiye mbebaji. Barafu za kisandukuni nizitie ubuyu safari hii, au nizitie ile dawa?"

Muasya akaitazama friza. Akaangalia barabara inayokwenda Nairobi, jua limeikalia. Nasiha alikuwa ameuficha uso wake ndani ya leso.

"Mama," Muasya akasema, akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, "tia ile dawa."